Chungu Hukukivunja Wewe

Mwanangu Naelijwa,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naisikia. Uko jikoni na mama yako, hatua ishirini kutoka hapa, mnacheka, na mmoja wenu ameangusha kifuniko cha sufuria. Mimi nimekaa nyuma ya banda la tangawizi, juu ya gunia, na daftari lako la zamani la hesabu liko gotini. Natumia kurasa ulizoziacha tupu. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka kama njia zetu za huku Mamba, nivumilie. Mkono huu umezoea panga na bunduki. Na kalamu tunakutana kwenye daftari la michango ya harusi tu.

Kesho alfajiri gari linashuka Same, na kutoka Same utapanda basi la Tanga kwenda chuo chako cha uuguzi. Mambo ya blanketi, ya chumvi, ya sabuni ya kuazimana na ya kusali, mama yako ameshakwambia, na akimaliza ataanza upya. Hayo nayapita.

Nina neno moja. Nimelibeba miaka kumi na tano na nimechoka nalo. Sikio lako la kushoto halikuharibiwa na homa. Liliharibiwa na bunduki yangu. Na chungu cha mama yako, kile ulichochapwa kwa ajili yake, kile ambacho mpaka leo wajomba zako wakikuona getini wanasema, "Ficheni vyungu, Mavunja amefika," hukukivunja wewe.

Haya, nimeliandika. Nilidhani nikishaliandika kifua kitakuwa chepesi. Bado.

Wiki iliyopita uliniletea fomu ya afya ya chuo. Ulikuwa umeijaza yote kwa mwandiko wako mzuri. Pale wanapouliza kama una tatizo la kusikia uliandika ndiyo, sikio la kushoto. Wanapouliza chanzo uliandika: homa kali utotoni. Chini kabisa kuna mstari wa mzazi, kwamba nathibitisha maelezo haya ni ya kweli. Umenikumbusha mara nne. "Baba, fomu." "Baba, kalamu hii hapa." Juzi ukasema, "Baba, kwani jina lako umelisahau?" Tukacheka wote. Jina nalikumbuka, mama. Ni mkono uliogoma.

Sasa niruhusu nizunguke kidogo. Mwindaji hamwendei mnyama moja kwa moja, anazunguka mpaka upepo umpige usoni, na mimi nimezoea hivyo mpaka kwenye maneno.

Watu wanadhani uwindaji ni kupiga. Kupiga ni kitu kidogo sana. Uwindaji ni kuamka magoti yakikuuma, kuvaa katambuga za matairi zilizolowa jana, na kwenda kukaa kwenye ukungu pembeni ya shamba la mahindi ukisubiri nguruwe ambaye leo ameamua kwenda kwa jirani. Kati ya asubuhi kumi, tisa nimerudi na umande tu. Mama yako alikuwa akinipokea mlangoni anauliza, "Umepata nini?" nami namjibu, "Nimepata baridi." Aliacha kuuliza kitambo.

Vifaa vyangu unavijua, umevichezea. Chupa ya mafuta ya kujipaka ya mama yako ndiyo ninayotilia baruti, kwa sababu kifuniko chake hakipitishi unyevu. Soksi yako ya shule iliyobaki moja ndiyo ya jivu: unaitikisa kidogo, unaangalia vumbi linaelekea wapi, unajua nguruwe atakunusa au la. Vijana wa siku hizi walinishauri ninunue tochi ya kuvaa kichwani. Nikanunua. Nguruwe anaiona kabla mimi sijamwona yeye, kwa hiyo sasa hivi mama yako anaivaa kukamulia mbuzi, na imempendeza kuliko mimi.

Na bunduki yenyewe ni lile gobore la babu yako. Kibali chake kimo ndani ya Biblia, kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu babu alisema polisi akija ghafla mtu husahau kila kitu isipokuwa alipoweka Biblia. Bunduki za kisasa unachomoa risasi na mambo yamekwisha. Gobore halina huruma hiyo. Unamimina baruti mdomoni mwake, unaishindilia kwa ufito wa chuma, unaweka goroli chache za chuma, unashindilia tena na ganda kavu la mgomba. Halafu huku nyuma, chini ya kinyundo, unavisha fataki, kale kakofia kadogo ka shaba kanakolipuka kinyundo kikigonga. Likishajazwa, limejazwa. Njia ya kulitoa uchungu ni moja tu, kulipiga.

Na baruti ni shida kuipata. Kwa hiyo ukirudi hujaona mnyama hupigi hewa. Unavua fataki, unaacha baruti na goroli humo humo tumboni, unalingojea asubuhi nyingine. Babu yako alikuwa na sheria: bunduki inaingia nyumbani, fataki inabaki nje. Alitundika kibuyu kidogo kwenye mwimo wa mlango, na kabla ya kuvuka kizingiti unaiangusha fataki humo. Hata kama mvua inanyesha. Hata kama mgeni anakungoja. Kibuyu kile bado kipo, na utotoni ulikuwa unakitikisa kikilia kama kayamba.

Mwaka ule ulikuwa na miaka minne. Masika yalikuwa mabaya, ukungu haukuondoka wiki nzima, na baruti ikishika unyevu haiwaki. Sisi wawindaji wa huku tuna ujanja wetu kwa siku hizo: bunduki unaitundika jikoni juu ya meko, usawa wa moshi, pale tunapokaushia mbegu za mahindi. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Niliitundika kwa kamba ya katani. Sikufikiria kwamba kamba nayo inakauka.

Asubuhi ile nilikuwa na baba yako mdogo Zefania, Mungu ampumzishe. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akicheka kabla ya kumaliza hadithi yake. Nguruwe walikuwa watatu kwenye magimbi ya jirani. Tulipiga wote wawili karibu kwa wakati mmoja, nguruwe mmoja akaanguka. Nikashindilia tena haraka haraka na kuvisha fataki, nikitaka wa pili, lakini walikuwa wamekwishaingia msituni. Basi tukabaki juu ya yule mmoja, na ugomvi ukaanza.

Kwetu aliyetoa damu ya kwanza ndiye mwenye mnyama. Anachukua kidari, na ndiye anayegawia wengine. Zefania alisema damu ya kwanza ni yake. Nikasema ni yangu.

"Goroli yangu ndiyo hii hapa begani," akasema.

"Na hii ya shingoni nani kaiweka, malaika?"

"Ya shingoni ilikuta ameshakufa, kaka. Ulimpiga marehemu."

Akacheka. Mimi sikucheka. Tungeweza kugawana kidari kile kwa panga moja na kwenda zetu nyumbani kunywa chai, lakini nilikuwa na kiburi cha mtu aliyekaa baridini bure siku nane mfululizo. Nilimwachia nyama yote kwa hasira, nikashika njia. Nilitembea mpaka nyumbani nikibishana naye kichwani. Nilimjibu vizuri sana njiani, maneno ambayo pale penye magimbi hayakunijia. Nikapita kwenye kibuyu cha babu yako bila kukiona. Nikaitundika bunduki juu ya meko na fataki yake kichwani.

Mama yako alikuwa amekwenda ndivani, kule kwenye bwawa letu la mifereji, zamu yetu ya maji ilikuwa asubuhi hiyo. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda, ubavu wako wa kushoto kuelekea motoni, unakula kiporo cha viazi. Kwenye mafiga kulikuwa na chungu cha makande kinachemka. Chungu kile mama yake alimpa siku aliyoolewa. Kilitoka Usangi, kimebebwa kichwani, na mama yako alikuwa haruhusu hata mimi kukiosha.

Nilikuwa mlangoni nakwangua matope kwenye katambuga. Nilisikia kitu kinaanguka, kisha nikasikia mlio. Kamba ilikatika, bunduki ikaja chini, kinyundo kikagonga jiwe la figa.

Nilipoingia kulikuwa na moshi mwingi sana na sikukuona. Mwanangu, kwa muda ule ambao sikukuona mimi nilikufa, na sijui kama nilifufuka mzima. Kisha nikakuona. Ulikuwa bado umekaa kwenye kigoda, kiazi mkononi, mdomo wazi, bila sauti. Makande yalikuwa yamemwagika hadi miguuni kwako lakini hayakukufikia. Chungu kilikuwa vipande. Goroli zilipita mbele ya uso wako zikaingia ukutani. Nilizihesabu baadaye nikizichimbua kwa kisu, zote zilikuwepo, hakuna hata moja iliyokugusa. Ni ule mlio tu, uliopita karibu mno na sikio lako. Kwenye shavu la kushoto kulikuwa na damu, nyembamba, inatoka sikioni.

Saa moja nyuma nilikuwa nimebishana mpaka koo likakauka kwamba damu ya kwanza ni yangu. Sasa damu ilikuwa hiyo, na wa kwanza kuikana nilikuwa mimi.

Nitakueleza nilivyofanya, na usiharakishe kunisamehe kabla hujamaliza. Nilikuosha. Nilikubeba mpaka ukaanza kulia, na uliponililia nilishukuru. Halafu nikatazama nje kama kuna mtu anakuja. Hakuna aliyekuja, maana mlio wa bunduki kwangu ni jambo lililozoeleka, watu walidhani nafukuza nyani. Nikachota udongo, nikaziba matundu ya ukutani, na ili yasionekane nikaukandika ukuta wote wa upande ule. Mama yako aliporudi na kuuliza harufu ya baruti, nikamwambia nimempiga nyani kutoka mlangoni, nimemkosa. Alipouliza chungu, nikasema umekivuta ukitafuta makande, kikapasuka, na kipande kikakupiga sikioni.

Mama yako alikaa chini mbele ya vile vipande. Alikuwa ameshika kimoja tu, kile cha ukingo. Kisha akakuita, akakuchapa kwa mwiko, mara mbili, si kwa nguvu. Ulimwangalia yeye, halafu ukaniangalia mimi. Nimesahau mengi katika maisha haya, hata sura ya baba yangu inaanza kunipotea, lakini jinsi ulivyoniangalia sijaisahau. Nilitazama ukuta wangu mpya. Jioni mama yako akanisifu, akasema kumbe na mimi naweza kukandika vizuri hivi nikitaka.

Jioni hiyo hiyo Zefania alikuja. Alileta kidari chote, kimefungwa kwenye jani la mgomba, amekuja kupatana. "Chukua, kaka," akasema, "nisije nikakosa usingizi kwa sababu ya nguruwe." Akakuona umefungwa kitambaa kichwani, akasema nyama ile apikiwe mtoto supu. Ukainywa. Kidari nilichokigombea kilikwenda kwenye kikombe chako cha bati, na mimi sikuweza kukitia mdomoni.

Siku ya tano ukapata homa. Ilikuwa homa kweli, malaria, hiyo sikuitunga. Tulikushusha zahanati kwa miguu, nimekubeba mgongoni. Mganga akakutazama sikio, akasema ngoma imepasuka. Akaniuliza, namkumbuka, alikuwa kijana mpole mwenye miwani: "Mzee, mtoto amepigwa? Au kulikuwa na mlio mkubwa karibu yake?" Aliniuliza vizuri kabisa. Alinifungulia mlango na kusimama pembeni ili nipite. Nikamwambia, "Hapana. Ni hii homa." Akaandika homa, na mama yako, aliyekuwa nje kwenye foleni ya dawa, akaiamini karatasi ile kuliko chungu. Akatibu homa. Sijui kama angejua ukweli angeweza kuliokoa. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko nilivyosali.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, miaka kumi na tano, na nimeitembea yote nikiwa mkono wako wa kulia. Umeona? Hujawahi kuniona nimetembea kushoto kwako, wala kukaa kushoto kwako kanisani. Ulipokuwa darasa la pili nilikwenda kumwomba mwalimu akukalishe dawati la kushoto, karibu na ukuta, ili darasa lote liwe upande unaosikia. Watu wakasema, mzee yule anampenda binti yake, hambanduki. Ni kweli nakupenda. Lakini nilikuwa nalinda pia, kama mtu anayekaa juu ya kitu alichokifukia.

Na wajomba zako na "Mavunja" yao. Kila Krismasi. Ulivyo mcheshi uliligeuza kuwa wimbo wako mwenyewe, ukawa unasema, "Mpeni Mavunja sufuria, ya chuma." Wote wanacheka, nami nacheka nao. Ningeweza kulizima kwa sentensi moja. Sentensi yenyewe ndiyo hiyo niliyoandika juu hapo, si ndefu.

Kuna jambo la uwindaji ambalo nililijua tangu kijana lakini nilichelewa kulielewa. Aliyejeruhi ndiye anayefuata. Ukimpiga mnyama hakuanguka, huendi kulala ukisema atajifia. Unafuata damu, kwenye miiba, kwenye mvua, mpaka ummalize au ukose kabisa alama. Miaka miwili baada ya siku ile nilimjeruhi nguruwe mguu. Zefania akasema tumwache, jua limekwisha kuwa kali na maji yameisha. Nikakataa. Tulimfuata kutoka ukungoni huku juu mpaka kule chini kwenye vichaka vya joto ambako hata sisi hatuwindi, siku nzima, mpaka tukamkuta. Zefania alikuwa amechoka kiasi cha kukosa mzaha. Akaniambia, "Wewe siku hizi unafuata wanyama utadhani wamekuibia." Nikaanza kunoa kisu. Nilikuwa tayari kumfuata nguruwe mpaka Hedaru, lakini niliyemjeruhi nyumbani kwangu nilikuwa sijamfuata hatua moja. Zefania amekwenda mwaka jana bila kujua.

Nimechoka, Naelijwa. Siyo uchovu ule wa kulala ukaisha. Macho yangu ya kulengea yameanza kuona nguruwe wawili mahali palipo na mmoja, na magoti yananiambia mvua siku mbili kabla ya redio. Hayo ni ya umri, nayakubali. Lakini kila nikiishika ile bunduki naisikia inaanguka. Ndiyo maana miaka hii nimekuwa nikikosa. Vijana wanadhani nimezeeka, na nimewaacha wadhani hivyo.

Sasa unakwenda kuwa muuguzi, na hapa ndipo ninapokwama. Ni wewe utakayeuliza. Utamwinamia mtoto, utauliza kwa upole kama yule kijana wa miwani, na atakuwepo baba kama mimi, katambuga miguuni, kofia mkononi, atakujibu, "Ni homa." Sikufundishi kazi, siijui. Nakwambia tu kwamba mtu huyo si lazima awe katili. Pengine ameshakandika ukuta. Mwulize mara ya pili, mama. Mimi niliulizwa mara moja, na nimewaza sana kwamba pengine ya pili ingenishinda.

Mama yako anajua. Nilimwambia jana, tukiwa tunapalilia, maana niliona si haki uondoke ukijua jambo ambalo yeye halijui. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea jembe. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alisema, "Nilimchapa mtoto." Nikaanza kumweleza tena, akanikatiza: "Nilimchapa mtoto wangu kwa mwiko, na wewe umesimama pale." Akaacha jembe, akaenda nyumbani. Niliporudi nilimkuta jikoni, amesimama mbele ya ukuta ule, anaupapasa kwa kiganja. Hajanisemesha tangu hapo isipokuwa mara moja, leo asubuhi, akinipa chai bila kuniangalia: "Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo, kabla hajapanda gari. Usimwachie mtoto karatasi." Ukimsikia anacheka na wewe sasa hivi ujue anajikaza. Usidhani amesahau.

Mchana wa leo ulisikia mlio, ukatoka nje, ukageuza kichwa kama unavyofanya, sikio la kulia mbele. "Baba, umepata nini?" Nikakujibu sijapata kitu. Nilikuwa naitoa bunduki kilichokuwa tumboni mwake. Nilipiga kwenye ukingo wa udongo, chini ya mgomba, mara ya mwisho. Kesho tunashuka wote. Nimepata barua ya mtendaji wa kijiji. Nitaibeba ikiwa tupu, imefungwa kwenye gunia, na nikishakupandisha basi naipeleka polisi Same kuirudisha pamoja na kibali chake. Nguruwe watakula magimbi, najua. Vijana wana mbwa na wana tochi zao, acha waone namna ya kufanya.

Na fomu nimeisaini. Nimekata mstari mmoja kwenye neno lako, nisamehe kwa kuichafua, na juu yake nimeandika: mlio wa bunduki, nyumbani, kwa uzembe wa baba. Halafu nikathibitisha kwamba ni kweli. Imo ndani ya daftari hili, ukurasa unaofuata.

Nilikusudia kukupa haya yote kesho, mkononi, gari likishawaka, ili uyasome mkiwa mnashuka na mimi nimetazama dirisha la upande mwingine. Huo ndio ulikuwa mpango tangu nilipoanza kuandika. Sasa nimefika hapa na naona mama yako ana haki. Ingekuwa ni kukuachia bunduki iliyojaa na kuondoka tena.

Mmeacha kucheka huko jikoni. Nasikia mama yako anasonga ugali, na wewe unamwuliza baba yuko wapi. Yeye anaendelea kusonga, ananingoja mimi. Nafunga daftari. Naingia hivi nilivyo, na nitavuta kigoda nikae upande wako wa kulia, nikwambie kwa sauti yangu mwenyewe.

Baba yako.